Mhasibu aliyeingia Bungeni: Hesabu za Amos Kimunya na funzo kwa mwenye duka na shamba

Na MWANDISHI WETU

MKULIMA wa viazi wa Kipipiri, katika Kaunti ya Nyandarua, anaijua vyema hesabu moja ambayo hakufundishwa darasani. Ni hesabu ya lumbesa.

Dalali huja shambani na gunia lake, akalijaza hadi pomoni, kisha akaliongezea kichwa cha wavu na kamba. Bei ni ya gunia moja, lakini viazi vilivyomo ni vya gunia moja na nusu.

Tuseme gunia la kilo 50 linauzwa Sh1,000. Hapo kilo moja ni Sh20. Likijazwa hadi likafika kilo 75 na bei ikabaki ile ile, kilo moja imeshuka hadi takriban Sh13. Mkulima aliyeuza magunia 40 ya aina hiyo ametoa kilo 1,000 bure, mali ya Sh20,000, na huenda asigundue kwa sababu hakuna mahali alipoandika uzani.

Ni eneo hili la wakulima wa viazi, kabeji na maziwa ambalo mwaka wa 2002 lilimpeleka Bungeni mtu ambaye kazi yake ilikuwa ni kuandika na kukagua hesabu. Jina lake ni Amos Kimunya.

Katika miaka 20 iliyofuata, Bw Kimunya alishika wizara nne, akasoma bajeti za nchi, akajiuzulu kwa aibu ya kisiasa, akarudi, akashindwa uchaguzi, akarudi tena na kuwa Kiongozi wa Wengi katika Bunge la Taifa, kisha akashindwa tena.

Kwa msomaji wa ukurasa huu, safari hiyo ina funzo kubwa kuliko siasa zenyewe. Inaonyesha ujuzi wa hesabu unaweza kumfikisha mtu wapi, na pia mahali ambapo ujuzi huo pekee hautoshi.

Kutoka leja hadi wizara

Bw Kimunya alizaliwa mwaka wa 1962. Alihitimu kuwa mhasibu wa umma, yaani CPA, na kabla ya kuingia katika siasa aliwahi kuwa mwenyekiti wa ICPAK, taasisi inayowasimamia wahasibu nchini Kenya.

Kazi ya mhasibu ni rahisi kueleza lakini ni ngumu kuifanya. Kila shilingi inayoingia lazima ijulikane imetoka wapi, na kila inayotoka lazima iwe na karatasi inayosema imekwenda wapi. Pande mbili za daftari zisipolingana, kuna kosa au kuna mwizi.

Uchaguzi wa Desemba 2002 ulikuja wakati Wakenya walikuwa na kiu ya watu wa aina hiyo. Kashfa ya Goldenberg ya miaka ya 1990 ilikuwa imekausha Hazina Kuu, na muungano wa NARC uliahidi kufungua vitabu vya serikali. Bw Kimunya alishinda kiti cha Kipipiri kwa tikiti ya muungano huo.

Mwaka wa 2003 Rais Mwai Kibaki alimteua kuwa Waziri wa Ardhi. Hii si wizara ya hesabu za pesa, lakini ni wizara ya daftari. Hati ya shamba ni rekodi tu: nani anamiliki nini, kutoka lini, na kwa njia gani.

Ni wakati wake katika wizara hiyo ambapo Tume ya Ndung'u ilichunguza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi. Tume iliteuliwa mwaka wa 2003 na kukamilisha ripoti yake mwaka wa 2004. Ilionyesha kwamba misitu, viwanja vya mashirika ya serikali na hata sehemu zilizotengewa barabara vilikuwa vimegeuzwa mali ya watu wachache, na ikapendekeza hati nyingi zifutwe.

Kumbuka wizara hiyo, kwa kuwa tutairudia.

Mkoba wa bajeti

Februari 2006, Waziri wa Fedha David Mwiraria alijiuzulu kufuatia kashfa ya Anglo Leasing. Rais Kibaki alimtafuta wa kushika mahali pake, akamchukua yule mhasibu wa Kipipiri.

Kwa mujibu wa Katiba ya zamani, waziri lazima angekuwa mbunge. Kwa hivyo mtu aliyechaguliwa na wakulima wa viazi ndiye aliyesimama Bungeni kila Juni, mkoba mkononi, kuwaeleza Wakenya wote watalipa ushuru gani na pesa zitatumiwaje. Alifanya hivyo mara tatu: 2006, 2007 na 2008.

Miaka miwili ya kwanza ilikuwa ya neema. Uchumi ulikua kwa takriban asilimia 7 mwaka wa 2007. Bajeti ya 2006 ilitenga Sh1 bilioni za kuanzisha Hazina ya Vijana, na mwaka uliofuata ikaja Hazina ya Wanawake. Vikundi vingi vya akina mama na vijana vilivyofuga kuku au kufungua saluni vilipata mkopo wa kwanza kupitia hazina hizo.

Lakini kuna hatua moja ya wakati huo ambayo inamgusa mfanyabiashara mdogo hadi leo: kodi ya mauzo.

Kodi hii ilianza kutozwa Januari 2008. Iliwalenga wafanyabiashara ambao mauzo yao hayakufika Sh5 milioni kwa mwaka. Badala ya kumtaka mwenye duka atayarishe hesabu ndefu za faida na hasara, serikali ilimwambia alipe asilimia 3 ya mauzo yake yote, basi.

Kwa jicho la mhasibu wa serikali, hii ni njia nyepesi. Kwa jicho la mwenye duka, inategemea anauza nini.

Chukua mwenye duka aliyeuza bidhaa za Sh1 milioni kwa mwaka. Kodi yake ni Sh30,000. Kama anauza nguo na faida yake ni Sh300,000, kodi imechukua sehemu moja kwa kumi ya faida. Lakini kama anauza sukari na unga, ambapo faida ni ndogo, huenda alibakisha Sh50,000 pekee. Kwa huyu, kodi imekula zaidi ya nusu ya faida.

Kiwango hicho kimebadilishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Kilishushwa hadi asilimia 1 mwaka wa 2020, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikakirudisha kuwa asilimia 3 kwa mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni. Hata hivyo, hesabu ya msingi ni ile ile. Mwenye faida ndogo asipojua faida yake, hawezi kujua kama kodi hii inamfaa au inammaliza.

Hisa za Safaricom

Hakuna jambo lililowaingiza Wakenya wa kawaida katika soko la hisa kama mauzo ya hisa za Safaricom mwaka wa 2008, Bw Kimunya akiwa Waziri wa Fedha.

Serikali iliuza asilimia 25 ya kampuni hiyo, yaani hisa bilioni 10, kwa Sh5 kila moja. Mauzo yalianza mwishoni mwa Machi, wiki chache tu baada ya ghasia za uchaguzi kutulizwa. Lengo lilikuwa ni kukusanya Sh50 bilioni, na zikapatikana.

Kiwango cha chini cha kununua kilikuwa hisa 2,000, sawa na Sh10,000. Watu walipiga foleni katika benki na kwa madalali wa hisa. Wapo waliouza ng'ombe, waliochukua akiba ya karo, na waliokopa. Benki zenyewe zilitangaza mikopo ya kununulia hisa.

Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tano. Matokeo yake ni kwamba mwananchi wa kawaida alipata takriban moja kwa tano ya hisa alizoomba.

Hapa ndipo hesabu ya Hazina Kuu na hesabu ya mwananchi zilipoachana. Aliyekopa Sh10,000 akapata hisa zipatazo 400 za thamani ya Sh2,000. Zile Sh8,000 zilizobaki zilirudishwa baadaye, na wengi walilalamika kuwa zilichelewa. Lakini benki ilihesabu riba juu ya Sh10,000 zote, tangu siku ya kwanza.

Siku hisa zilipoanza kuuzwa Nairobi, Juni 9, 2008, bei ilipanda hadi zaidi ya Sh7. Aliyeuza haraka alipata faida ya takriban Sh2 kwa kila hisa. Kwa hisa 400, hiyo ni Sh800 au zaidi kidogo, ambazo huenda hazikutosha kulipia riba. Aliyengoja aliona bei ikishuka chini ya Sh5 kabla ya mwaka kwisha, na ikakaribia Sh3 mapema mwaka wa 2009.

Aliyenunua kwa pesa zake mwenyewe na asiwe na haraka, kwake mambo yalikuwa tofauti. Mwaka wa 2021 bei ilipita Sh40. Hisa ilikuwa ile ile, siku ya kununua ilikuwa ile ile. Kilichotofautisha ni pesa zilitoka wapi na zilikuwa zinahitajika lini.

Hakuna waziri wala mhasibu anayeweza kumfanyia mkulima hesabu hiyo. Serikali ilikuwa inauza, na muuzaji hawezi kuwa mshauri wa mnunuzi.

Hoteli iliyomwangusha

Wakati pesa za Safaricom zilikuwa bado zinahesabiwa, jambo jingine liliibuka. Lilihusu hoteli ya Grand Regency, katikati mwa jiji la Nairobi.

Hoteli hiyo ilikuwa ya mfanyabiashara Kamlesh Pattni, aliyehusishwa na Goldenberg. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imeipigania mahakamani kwa miaka mingi kama njia ya kurejesha pesa za umma, na mwaka wa 2008 ikaichukua. Muda mfupi baadaye iliuzwa kwa kampuni ya serikali ya Libya kwa Sh2.9 bilioni.

Wakenya hawakujua. Aliyeanika mambo hadharani ni Waziri wa Ardhi wa wakati huo, James Orengo. Hii ndiyo wizara tuliyokuomba uikumbuke. Mali ikihama kutoka mkono mmoja hadi mwingine, daftari la ardhi halina budi kuandika. Na daftari hilo ndilo Bw Kimunya mwenyewe alilolisimamia kutoka 2003 hadi 2006.

Wakosoaji walisema bei ilikuwa ya chini mno na kwamba hapakuwa na zabuni ya wazi. Bw Kimunya alikana kufanya kosa lolote. Alitetea mauzo hayo kuwa makubaliano kati ya serikali mbili, na alinukuliwa akisema afadhali afe kuliko kujiuzulu.

Julai 2, 2008, mbunge wa Ikolomani, Bonny Khalwale, aliwasilisha hoja ya kutokuwa na imani naye. Wabunge waliipitisha, wakiwemo wa upande wa serikali yake mwenyewe. Julai 8 alijiuzulu ili kupisha uchunguzi. John Michuki alikaimu wizara hiyo hadi Januari 2009, ilipokabidhiwa Uhuru Kenyatta.

Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu wa zamani, Majid Cockar, ilichunguza mauzo hayo. Januari 2009 Rais Kibaki alimrudisha Bw Kimunya katika Baraza la Mawaziri, mara hii akiwa Waziri wa Biashara. Mwaka wa 2010 alihamia Uchukuzi. Hoteli nayo ilibadilishwa jina kuwa Laico Regency.

Msomaji anaweza kuwa na maoni yake kuhusu bei ya hoteli hiyo. Lakini lipo jambo moja lisilo na ubishi. Mtu aliyepewa Wizara ya Fedha kwa sababu anajua vitabu hakuangushwa na kosa la kujumlisha. Aliangushwa na mauzo ambayo wenye mali, yaani wananchi, walikuja kuyasikia baada ya kukamilika.

Katika uhasibu, hesabu sahihi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzionyesha kwa mwenye mali kabla hajauliza.

Mizania ya wapigakura

Mbunge ana mkaguzi mwingine ambaye hana cheti cha CPA. Huyu ni mpigakura, na hukagua kila baada ya miaka mitano.

Kipipiri ilimpa Bw Kimunya kura mwaka wa 2002 na ikamrudisha mwaka wa 2007. Mwaka wa 2013 kiti kilimwendea Samuel Gichigi. Mwaka wa 2017 Bw Kimunya alikipata tena kwa tikiti ya Jubilee.

Katiba ya 2010 ilikuwa imebadilisha mambo. Tangu uchaguzi wa 2013, mbunge hawezi kuwa waziri. Kwa hivyo mhasibu aliyewahi kubeba mkoba wa bajeti sasa alikuwa na kazi ya kuijadili tu, pamoja na wenzake.

Hata hivyo, Juni 2020 chama tawala kilimwondoa Aden Duale kama Kiongozi wa Wengi na kumweka Bw Kimunya. Hiki ndicho cheo cha kuongoza shughuli za serikali katika Bunge. Ni yeye aliyewasilisha mswada wa kurekebisha Sheria ya Vyama vya Kisiasa mwaka wa 2021, ambao ulizua vurugu ukumbini kabla ya kupitishwa na Bunge la Taifa Januari 2022. Sheria hiyo ilifungua njia ya vyama kuungana na kusajiliwa kama chama cha muungano, na Azimio ikazaliwa kwa njia hiyo.

Katika uchaguzi wa Agosti 2022, cheo hicho kikubwa hakikumsaidia nyumbani. Eneo la Mlima Kenya lilikuwa limeelekea upande wa UDA, na Wanjiku Muhia akanyakua kiti cha Kipipiri.

Mara tano debeni: ushindi mara tatu, kushindwa mara mbili. Mpigakura wa Kipipiri alionyesha kwamba hamweki mtu kwa sababu ya ukubwa wa jina lake Nairobi. Anaweza kumtuma, kumrudisha nyumbani, kumtuma tena na kumrudisha tena.

Unachoweza kuchukua shambani na dukani

Si lazima mtu awe CPA ili afaidike na njia ya wahasibu. Yafuatayo yanatokana na tuliyoyaona hapo juu.

Kwanza, pima kabla ya kuuza. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Lakini sheria bila mizani shambani ni karatasi tu. Kikundi cha wakulima kumi kinaweza kuchanga na kununua mizani moja, na kila mmoja akaandika kilo alizouza, bei na tarehe.

Pili, tenganisha mauzo na faida. Weka daftari lenye safu tatu: pesa zilizoingia, pesa zilizotoka, na zilizobaki. Mwisho wa mwezi, jumlisha. Mtu wa kodi akija, au mtu wa benki, utakuwa na jibu lako mwenyewe badala ya kukubali makadirio yake.

Tatu, usinunue hisa, wala kiwanja, wala ng'ombe wa maonyesho kwa mkopo wa muda mfupi kwa sababu kila mtu anapiga foleni. Jiulize maswali mawili: nikipata kidogo kuliko nilichoomba, riba italipwa na nini? Na bei ikishuka, ninaweza kungoja miaka mingapi?

Nne, mweka hazina wa chama chenu, awe wa sacco, wa kikundi cha maziwa au wa merry-go-round, asisifiwe kwa kujua hesabu tu. Aulizwe vitabu. Mali ya chama isiuzwe, hata kama ni pikipiki kuukuu au pampu ya dawa, bila wanachama kuambiwa mapema ni nani ananunua, kwa bei gani, na nani mwingine alitoa bei.

Hili la nne ndilo vyama vingi hushindwa. Wanachama huona haya kumuuliza mtu msomi. Huogopa kuonekana kana kwamba wanamshuku. Kumbe mhasibu wa kweli hapaswi kukasirika akiulizwa, kwa sababu kuulizwa ni sehemu ya kazi yake.

Hatimaye, mbunge. Akija kuomba kura na kusema ana shahada ya biashara au ni mhasibu, hilo ni jambo jema, kwani Bunge linahitaji watu wanaoweza kusoma bajeti yenye mamia ya kurasa na kugundua panapovuja. Lakini swali la kumuuliza si alipita mitihani gani. Muulize ni mara ngapi atarudi mbele yenu na vitabu mkononi, na ni mali gani ya umma atakayokubali iuzwe bila ninyi kujua.

Kisha liandike jibu lake, pamoja na tarehe, katika lile daftari la kilo za viazi. Miaka mitano si mirefu, na siku ya kukagua itafika.